Foleni ya Wajawazito na King'ora cha Kiwanda

Vijana wa kliniki wameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nimewaelewa. Tangu nistaafu nimekuwa nikipita pale kila siku ya wajawazito "kusalimia tu", na kila nikisalimia naacha benchi moja limehamishwa. Nadhani walikaa kikao wakaona afadhali bibi huyu apewe kalamu, mikono yake ipate shughuli nyingine. Haya, nimeketi. Mabenchi yako salama kwa leo.

Siku yangu ya kwanza nilifika kazini na viatu vyeupe ambavyo mama yangu alivipaka chokaa ving'ae zaidi, nikaacha alama nyeupe sakafuni kila nilipokanyaga. Mkunga mkuu alikuwa Mama Régine, mwanamke mfupi mwenye mikono ya moto, ambaye hakuwahi kusema jambo mara mbili. Alinipa pembe ya mbao, ile inayowekwa juu ya tumbo ili usikilize moyo wa mtoto, akaniachia mama mmoja aliyelala kitandani. Nilisikiliza kwa makini yote niliyofundishwa shuleni. Nikasikia mapigo. Kisha nikasikia na mengine, mazito, ya chini chini. Nikatangaza kwa sauti ya chumba kizima kwamba ni mapacha. Mama wa watu akaanza kulia kwa furaha, au kwa hofu, sikujua. Mama Régine akaja, akaweka sikio lake, akaniangalia.

"Mutoto ni moya," alisema. "Ile ingine ni njala yako."

Kweli, sikuwa nimekula tangu jana yake kwa ajili ya wasiwasi. Tangu siku hiyo sikuwahi kupima mjamzito kabla ya kunywa chai, na nawashauri nanyi msidharau chai. Mama Régine alinifundisha mengine pia: pasha mikono kabla ya kugusa tumbo, tazama miguu ya mama kabla hujamtazama usoni, na mama akikuambia haumwi na kitu, muulize tena akiwa anavaa viatu. Vikimbana, hapo ndipo penye habari. Alipostaafu nikabaki na pembe yake na, kwa bahati mbaya, na kujiamini kwangu.

Ikaja miaka ya tisini. Wenyeji wa mji wetu wa Likasi hawahitaji kuelezwa, lakini ninyi wengine mlikuwa bado hamjazaliwa. Kazi kiwandani zilipungua, mishahara ikawa hadithi, dawa zikawa kitu unachoandika kwenye karatasi ili mgonjwa akatafute mwenyewe. Wauguzi wenzangu wengi walikuwa wa asili ya Kasai, ingawa walizaliwa hapa hapa. Mwaka ule walipofukuzwa kwa sababu ya asili hiyo, wakasukumwa hadi gare, kituo cha treni, na mizigo yao vichwani, kliniki yetu ya mtaa wa Kikula ilibaki na wauguzi wawili, mimi na Julienne. Sijawahi kupona uchungu huo, na sitajifanya kuwa nimepona. Wajawazito hawakupungua. Akina mama walikuja alfajiri na kuketi, na wengine waliondoka jioni bila kuguswa na mtu.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sijui walikuwa kliniki gani, ila walikuwa wamepita karibu na kwetu.

Kati ya wale walioondoka bila kupimwa, mmoja alininyima usingizi. Aliitwa Mama Numbi, muuza nyanya wa soko la Kikula, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa. Mara mbili alikuwa amebeba mimba hadi miezi ya mwisho, na mara mbili kifafa cha mimba kilimwangusha na mtoto akafa. Mara ya pili yeye mwenyewe alirudi kutoka mlangoni mwa kaburi. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Kwa mwanamke kama huyo, kupimwa presha ndiyo dawa ya kwanza. Inapoanza kupanda unamwona mapema, unamlaza, unampeleka hospitali kabla ya dhoruba. Lakini lazima umpime. Na Mama Numbi alikuja kila mara, akaketi, akatazama jua likipanda, akasimama.

"Mama infirmière, niko na nyanya ku soko," aliniambia, maana muuguzi kwetu ni infirmière. "Jua ikipanda, inaoza. Na ku nyumba banakula paka hizi nyanya." Paka kwetu ni kusema "tu"; nyumba nzima ilikula kwa nyanya zile.

"Ngoja kidogo tu, mama. Zamu yako iko karibu."

"Ulisema vile na wiki iliyopita."

Alikuwa na haki. Nami nilifanya nini? Niliongeza bidii. Sikula mchana, sikukaa, nilipima huku nikiandika huku nikimkemea Julienne. Nikajiona shujaa, na foleni ikazidi kuwa ndefu.

Hapo ndipo alipotokea Papa Kalenga. Huyu mzee alikuwa dispatcher wa reli, mtu wa kupanga mabehewa ya madini yaingie kiwandani na kutoka bila kuzibiana njia. Sasa mabehewa yalikuwa yamelala, naye kazi yake ilikuwa kumsindikiza binti yake kliniki na kunung'unika. Aliketi ukutani wiki kadhaa akitutazama kama mtu anayetazama mpira mbovu. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mama infirmière, nisamehe. Bamama habako bengi," alisema. "Banafika paka pamoja. Problème iko pale."

Nikamwambia aje apime yeye. Hakukasirika. Akachuchumaa, akachora reli kwenye vumbi kwa kijiti. Alinieleza kwamba mabehewa yakija yote alfajiri, winchi, yeye akiiita grue, inazidiwa asubuhi na inalala jioni, ingawa jumla ya kazi ni ile ile. Kwamba katika njia nzima kuna mahali pamoja pembamba, na hapo tu ndipo foleni inapoamuliwa. Ukiharakisha pengine unajisumbua bure. Na la tatu, ambalo lilinichoma: mashine isiyopumua kamwe ndiyo inayozaa foleni isiyoisha.

"Kama grue inajaa kila saa, wagon moya tu ikichelewa, yote inaharibika mpaka jioni," alisema. "Inafaa ikuwe na nafasi kidogo ya bule. Kuko na théorie yake. Tulisomaka ile ku école ya chemin de fer. Théorie ya files d'attente."

Yaani nadharia ya foleni, inayofundishwa shule ya reli. Mimi niliyejivunia kutokukaa chini nikaambiwa kwamba kutokukaa kwangu ndiko ugonjwa wenyewe. Nilikwenda nyumbani nimenuna. Asubuhi nilirudi nikamwomba arudie, polepole, na safari hii nikaleta kiti.

Tulitafuta mahali pembamba. Nilikuwa na hakika ni mkojo. Siku hizo tulichemsha mkojo kwenye kichupa juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Ukiganda na kuwa mweupe, ni dalili mbaya. Kazi hiyo ilichelewa, ilinuka, na iliwafanya wapita njia waulize tunapika nini. Lakini Papa Kalenga alitutazama asubuhi nzima, akakohoa kwa adabu.

"Mama, usikasirike. Grue ya kwanza ni mudomo yako."

Alimaanisha causerie, mazungumzo ya afya ninayotoa kabla ya kupima. Hakuna mama aliyepimwa kabla sijamaliza. Na jamani, nilikuwa simalizi. Nilianza na wimbo, nikaja kwenye usafi, nikafika kwenye chakula bora, nikawaeleza wanawake ambao hawajaona samaki tangu Pasaka kwamba mjamzito anahitaji samaki, maziwa na ini. Wakaitikia "ndiyo mama" kwa heshima, na jua likapanda, na nyanya zikaiva kupita kiasi. Julienne alikuwa amegeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Causerie nikaikata, ikabaki kama sala ya chakula. Hilo liliniuma kuliko vyote. Kisha tukapata mahali pembamba pa pili, kipima presha, kwa sababu tulikuwa nacho kimoja tu na nilikiweka mwisho wa njia, chumbani kwangu, shingoni mwangu, kama mkufu. Papa Kalenga akauliza kwa nini kitu cha lazima kuliko vyote kiko mwisho. Nikakiri kwamba kilinipendeza tu. Tukakileta mlangoni. Kila aliyeingia alipimwa presha kwanza, na aliyelazimika kuondoka mapema aliondoka akiwa angalau amepimwa hicho.

Nao mchezo wa kupumua tukaujaribu. Julienne alipata ruhusa ya kukaa pale asipokuwa na mtu mbele yake. Kesho yake habari ilienea Kikula nzima kwamba wauguzi wamegoma.

Likabaki lile la kufika pamoja. Hapa ndipo akili yangu ilipovimba. Saa za mkononi watu walikuwa wameshaziuza. Lakini Likasi nzima ilikuwa na saa moja isiyouzwa, nayo ni king'ora cha kiwanda kule Shituru. Kililia alfajiri, kikalia tena zamu ya mchana ilipoingia, na upepo ulikileta mpaka Kikula. Hata wafanyakazi walipobaki wachache, king'ora kiliendelea. Kwa sauti ile watoto walikwenda shule, kwa sauti ile akina mama waliweka bukari, ugali wetu, motoni, na kuna mchungaji aliyefunga maombi yake kwa sauti ile, akisema ni ishara. Basi nikapanga: wanaotoka mbali na wenye mimba ya kwanza waje king'ora cha kwanza, wa sokoni waje king'ora cha pili. Nikachora mishale ukutani kwa chaki. Nikamwambia Julienne aniite ingénieur, mhandisi. Hakuniita.

Mwanzoni akina mama hawakuamini. Wakaja wote alfajiri, kama kawaida, wale wa king'ora cha pili wakija mapema zaidi ili wasipitwe. Lakini polepole wachache walijaribu, wakaona kweli hawangoji, wakawaambia wenzao. Na wa kwanza kujaribu alikuwa Mama Numbi. Alikuwa akiuza nyanya zake asubuhi, na king'ora cha pili kikilia anajifuta mikono, anafika, anapimwa mlangoni, anarudi kabla meza yake haijapoa.

"Mama infirmière, leo haukuniweka hata niketi!" alinicheka.

Nilitembea wiki ile kama bibi harusi.

Ilikuwa vizuri kwamba tulimpata, maana miezi ilipoongezeka presha yake ilianza kupanda. Kidogo kwanza, kisha si kidogo. Mkojo ukaganda kwenye kichupa. Vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa, na daktari akaniambia alale nyumbani huku tukimpima kila siku mpaka nafasi ipatikane. Nikamfuata Mama Numbi sokoni mwenyewe. Nikamwambia meza aiachie wifi yake, alale ubavu wa kushoto, chumba kiwe na giza, dirisha lizibwe kwa kitenge, asihangaike, asitoke kwenye jua kali, anyanyuke tu king'ora cha pili kikilia, aje nimpime. Nilimtaka ayarudie maneno hayo mwenyewe, kama tulivyofundishwa. Aliyasema vizuri kuliko mimi.

Alifanya hivyo siku baada ya siku. Halafu ikaja ile siku.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida, watu wakapimwa wakaenda. Mchana nikatoka nje nikakuta benchi karibu tupu. Kina mama wachache tu, wametulia, kivuli kinawatosha. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika kiuno. Nilijisikia vizuri mno. Ile ndiyo picha niliyokuwa nikiiota.

"Julienne, kuya uone," niliita nikionyesha foleni. "Unaona mulongo iko namna gani? Théorie!"

Julienne alikuja akipangusa kichupa. Akatazama benchi, akatazama juu, mahali jua lilipokuwa.

"Yaya Bernadette," alisema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake, "sirène haiyalia leo."

Jua lilikuwa limeshapita utosi zamani. King'ora cha pili hakikulia, na nilipovuta kumbukumbu, hata cha alfajiri sikukisikia; wale wa asubuhi waliletwa na mwanga. Wale wachache kwenye benchi walikuwa wametazama jua. Wengine walikuwa nyumbani, wakingoja sauti, wakisema mchana leo ni mrefu. Foleni yangu nzuri ilikuwa fupi kwa sababu watu hawakuja. Na kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye nilikuwa nimemziba hata jua lenyewe kwa kitenge.

Nilichukua kipima presha nikaondoka. Nilimwacha Julienne na benchi, na mbabula. Sikuwahi kukimbia barabarani nikiwa na sare tangu niwe mama mtu mzima, na Kikula ilifurahi kuniona. Mmoja alipaza sauti kuuliza mwizi yuko wapi. Nilikuwa nikiomba njia nzima, Mungu, asiwe ameanguka peke yake gizani, kwa ajili ya ujanja wangu.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kitenge chake kizuri na kujifunga kilemba, viatu vimepangwa mbele ya miguu kwa sababu havikuingia tena.

"Mama infirmière! Weye njo umekuya?" alisema. "Nilivaa kitambo. Ninangojea sirène."

"Sirène haitalia, mama. Inuka, twende."

"Shi weye njo uliniambia nisitoke mbele ya sirène kulia?"

"Minye njo nilikuambia."

"Kichwa inauma sana. Na niko naona kama nyota-nyota."

Nilifunga mkanda mkononi mwake. Sitawaandikia nilichosoma, kwa sababu ninyi ni wauguzi na mtafunga daftari mkimbie. Nje alikuwa akipita kijana mwenye gari la kusukuma, limejaa magunia ya makala, yale makaa ya mbabula. Nikamwambia ashushe makala apakie mama. Akaniuliza nani ataangalia makala. Nikasema kwa sauti niliyorithi kwa Mama Régine kwamba makala hayana presha. Akashusha. Tukasukuma pamoja, mimi mkono mmoja kwenye gari na mwingine kwenye bega la Mama Numbi, nikimwongelesha asifumbe macho. Nilipokosa la kusema, nikamtolea ile causerie yangu yote niliyoikata, samaki na ini na maziwa.

"Mama," aliniambia karibu na lango la hospitali, kwa sauti ndogo, "hautanyamaza?"

Baada ya hapo mwili wake ukakakamaa. Kifafa kilimshika mle mle kwenye gari. Nililia, sioni haya kusema nililia, lakini mikono ilijua kazi yake: nikamgeuza ubavu, nikamlinda ulimi. Daktari alitukuta langoni na sindano. Akanitazama mimi, mweusi wa makala kuanzia kola mpaka magoti, akamuuliza kijana ni yupi mgonjwa. Wakamwingiza chumba cha upasuaji kabla jua halijatua. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikangoja kama wanavyongoja wengine. Ni kitu kirefu. Kila mlango ukifunguka wewe unainuka, na anayetoka amebeba ndoo.

Alitoka mzima. Na mtoto wa kiume, mdogo kama kuku wa mwezi mmoja, akalia.

Kesho yake nilimweleza Papa Kalenga. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Minye nilizoea bawagon," alisema. "Wagon, unaiacha ku reli, unaikuta vile vile. Hatukuhesabu ile."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amehesabu. Basi tukabadilisha. Mwenye presha, mwenye kuvimba, mwenye historia mbaya, hana saa wala zamu: anakuja anapotaka na anapita mbele. Na akipitisha muda, sisi ndio tunaomfuata. Wengine wakaja kwa vikundi vya barabara, kila mama akimgongea jirani yake mlango. King'ora kilikuja kulia tena, kikanyamaza tena, hatukukitegemea. Papa Kalenga alileta kipande cha reli akakitundika nje ili tukigonge kwa nyundo kuwaita watu. Nilikigonga kwa nguvu zote. Alikuja mbuzi wa jirani. Lakini kipima presha mlangoni, hicho kibakizeni pale, na muuguzi akiwa ameketi bila mtu mbele yake, mwacheni aketi.

Wiki zikapita, ikafika siku ya chanjo. Benchi lilijaa mpaka ukutani, siku ambayo Papa Kalenga angetuonea aibu. Nikamwona Mama Numbi akiingia getini na mtoto mgongoni. Mara mbili alikuwa amekuja kwetu na tumbo, na siku ya chanjo hakuwa na wa kuleta. Nikamwita juu ya vichwa vya watu.

"Mama Numbi, kuya huku mbele! Weye hautangoja tena mu kliniki hii."

"Apana, mama infirmière," alisema. "Leo niache ningoje. Niko na haraka ya kwenda wapi? Mutoto iko hapa."

Wakamsogelea nafasi katikati ya benchi. Akaketi, akamfungua mtoto, akampakata mahali ambapo kila aliyepita angemwona. Zamu yake ilipofika, akampisha aliyekuwa nyuma yake.